Kesi ya Kujibu Si Hatia

Hotuba kwa vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaosubiri matokeo: mwangaluka.

Nilipokuwa naingia getini asubuhi hii, baba mmoja alinisimamisha. Akaniambia, "Wakili, binti yangu ananichanganya. Wiki iliyopita alitaka sheria, wiki hii anataka uandishi wa habari. Naomba umwambie achague moja." Nikamjibu, "Baba, mwache asome zote mbili." Akacheka, akadhani namtania. Sikumtania. Nimekuja hapa na jibu hilo hilo, na naomba mnivumilie nilieleze, kwa sababu mimi nilichelewa miaka mingi kulijua, na kuna mtu mwingine aliyelipia kuchelewa kwangu.

Nilianza kama ripota wa redio hapa hapa mjini. Nilikuwa na cheti cha uandishi wa habari, daftari, na kinasa sauti cha kanda ambacho betri zake nilinunua kwa fedha yangu. Mhariri alinipa kazi ya mahakamani. Kila asubuhi nilikwenda kukaa benchi la nyuma, nikasikiliza, nikarudi mbio na habari mbili tatu kabla ya taarifa ya saa saba mchana. Hakuna aliyenifundisha sheria hata siku moja. Maneno ya mahakamani niliyaokota kwa kuyasikia, kama mtoto anavyojifunza kusema.

Siku moja ikaja kesi ya mvuvi kutoka Ukerewe. Alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha: ilidaiwa kwamba yeye na wenzake waliuvamia mtumbwi usiku ziwani, wakachukua injini na nyavu. Ninyi wa visiwani mnajua uchungu wa kuibiwa injini; nyumba nzima inalala njaa. Na kosa lenyewe ni zito. Adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, na mshtakiwa hapati dhamana, anakaa mahabusu mpaka kesi iishe. Upande wa mashtaka ulipomaliza kuleta mashahidi, hakimu akasoma uamuzi mfupi, kwa Kiingereza, kwamba mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Nikatoka mbio. Saa saba mchana sauti yangu ikasikika mpaka visiwani: mahakama imemkuta na hatia mvuvi wa Ukerewe, sasa atajitetea kabla ya kupewa adhabu.

Ilikuwa si kweli. Kesi ya kujibu maana yake ni kwamba ushahidi wa upande mmoja, ukiachwa bila kujibiwa, unatosha kumtaka mshtakiwa aseme na yeye. Basi. Hajahukumiwa. Bado anahesabiwa kuwa hana hatia kama alivyohesabiwa siku ya kwanza.

Mke wa mvuvi yule alikuwa akiuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alikuwa akichukua mzigo kwa mkopo, anauza, anarudisha fedha, anachukua mwingine. Jioni ile aliyekuwa akimkopesha alimwambia hawezi tena kumpa mzigo mke wa jambazi. Kesho yake akaja redioni, mtoto mgongoni, akaniulizia kwa jina langu. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Dada, hiyo hukumu wewe umeiona?"

Sikuwa nimeiona, kwa sababu haikuwapo. Mama yule, ambaye aliniambia hakumaliza darasa la saba, alijua kwamba hukumu ni kitu kinachoandikwa na kusomwa siku yake. Mimi mwenye cheti sikujua.

Baada ya miezi minne mumewe aliachiwa huru. Mlalamikaji alisema alimtambua kwa mwanga wa karabai, usiku, mtumbwi ukiyumba, watu wakipiga kelele. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuonya tangu 1980, katika kesi ya Waziri Amani, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, na mahakama isimtie mtu hatiani kwa huo mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Hakimu akaufuata msimamo huo. Mimi habari ya kuachiwa kwake niliiandika kwa uangalifu kuliko habari yoyote niliyowahi kuandika. Ikapewa sentensi mbili, mwisho wa taarifa, baada ya matokeo ya mpira.

Mwaka uliofuata nilijiandikisha shahada ya sheria Chuo Kikuu Huria. Mchana nikiwa ripota, usiku nikisoma. Baadaye nikaenda Dar es Salaam kwenye mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, nikaapishwa kuwa wakili. Redio sikuiacha, mpaka leo nina kipindi cha sheria kila wiki. Nimezungumza habari zangu kiasi hicho ili mjue kwamba ninalosema nimeliishi.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Sheria inampa mwandishi nini? Watu hudhani inampa ujanja wa kukwepa kushtakiwa. Hilo lipo, lakini ni dogo. Kubwa inalompa ni kuheshimu maana ya neno. Sikilizeni redio zetu wiki nzima mtaona. Mtu amekamatwa jana na polisi, anaitwa mshtakiwa. Huyo bado ni mtuhumiwa. Atakuwa mshtakiwa siku atakaposomewa shtaka mahakamani. Mtu yuko mahabusu, anaitwa mfungwa. Mfungwa ni yule aliyekwisha kuhukumiwa. Kutiwa hatiani kunachanganywa na kupewa adhabu, wakati kati ya hayo mawili kuna nafasi ya mtu kuomba apunguziwe.

Chukueni kesi ya mauaji. Mtu anafikishwa kwanza mbele ya hakimu, anasomewa shtaka, na hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji; kesi ni ya Mahakama Kuu. Jioni unasikia: "Mshtakiwa alikana kosa." Hakukana! Hakuulizwa! Au unasikia: "Mshtakiwa alinyamaza." Msikilizaji nyumbani anawaza, huyu kanyamaza, basi ndiye. Neno moja limekwisha kumhukumu.

Lipo jingine ambalo linawakasirisha sana watu wetu, na nawaelewa. Mkurugenzi wa Mashtaka anaieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Mshtakiwa anaachiwa. Anatoka nje, na pale pale mlangoni polisi wanamkamata tena. Umati unapiga yowe kwamba mahakama imehongwa kumwachia, wengine wanapiga yowe kwamba polisi wamemteka mtu aliyeshinda kesi. Wote wamekosea, na hakuna wa kuwasahihisha, kwa sababu mwandishi aliyepo hajui kwamba kuondolewa shtaka kwa namna hiyo si sawa na kushinda kesi, na kwamba sheria inaruhusu mtu yule kushtakiwa tena. Unaweza kuipinga sheria hiyo. Mimi mwenyewe nina maneno nayo. Lakini utaipingaje kama hujui kwamba ipo?

Na watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kutangaza habari inayoweza kumtambulisha mtoto aliye kwenye shauri mahakamani. Mwandishi anaficha jina la mtoto, anajiona ametii, kisha anaandika jina la baba, jina la shule, na mtaa wa Igogo wanakokaa. Mtaa mzima umekwisha kumjua. Aliyesoma sheria anaelewa kwamba kinacholindwa ni mtoto, si herufi za jina lake.

Haya, na uandishi unampa mwanasheria nini? Hapa nitasema kwa uchungu kidogo kwa sababu nawapenda wanasheria wenzangu. Tokeni siku moja mkasimame nje ya mahakama yoyote ya mkoa huu, mwangalie wateja wakitoka. Mteja amekaa saa mbili ndani. Wakili wake ameinama mara nane mbele ya jaji. Wanatoka nje, na swali la kwanza la mteja ni hili: "Wakili, tumeshinda au tumeshindwa?" Mtu ambaye shamba lake ndilo lililokuwa likizungumzwa! Aliyesoma uandishi amefundishwa kwamba jambo kubwa linakuja kwanza, kwa sentensi fupi, kisha sababu zake. Amefundishwa kwenda mahali lilipotokea tukio, kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mti, kumwuliza jirani ambaye hakuna aliyemwuliza. Mawakili wengi tunasoma jalada ofisini tukadhani tumeiona kesi.

Lugha ndiyo mahali taaluma hizi mbili zinapokutana, na mkutano huo una historia yake hapa ziwani. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika uamuzi kwa Kiswahili wakati ambapo kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari 2021, Rais Magufuli alimsifu mbele ya watu na kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa zipo hali ambazo Kiingereza bado kinaruhusiwa. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Ila kubadilisha lugha ya karatasi ni nusu ya safari. Uamuzi wa kurasa 30 kwa Kiswahili cha kisheria bado ni mlima kwa mama wa Mwaloni. Anahitajika mtu wa kuuteremsha mlima huo bila kuubomoa, na mtu huyo lazima awe anaujua mlima na anamjua mama.

Vijana, sasa natoka mjini nawapeleka ziwani. Ziwa hili ni moja, nchi ni tatu, na katika kila nchi uhuru wa waandishi umepiganiwa mahakamani. Uganda, waandishi wawili wa gazeti la Monitor, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, walishtakiwa kwa kosa la kuchapisha habari za uongo. Waliipinga sheria yenyewe mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2004 mahakama hiyo ikalifuta kosa hilo kwa kuwa linapingana na Katiba. Kenya, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfunga mtu jela kwa sababu ya kashfa, yaani kumchafulia mwenzake jina, kunapingana na Katiba. Aliyekashifiwa afungue kesi ya madai adai fidia. Na sisi, Baraza la Habari Tanzania pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Machi 2019 mahakama ikaamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia sheria hiyo marekebisho, yakiwamo ya kuitoa kashfa kwenye makosa ya jinai.

Tazameni walalamikaji wale wa Arusha: chombo cha waandishi na vyombo vya watetezi wa haki, bega kwa bega. Kenya yupo Gitobu Imanyara, wakili aliyeanzisha jarida la Nairobi Law Monthly mwaka 1987 na akawekwa ndani kwa ajili yake. Hapa kwetu yupo Jenerali Ulimwengu, mwanasheria ambaye magazeti ndiyo yaliyomtambulisha kwa Watanzania wengi. Hawakusubiri chuo kiwaunganishie shahada mbili. Waliziunganisha wenyewe, kwa gharama kubwa, nami natamani ninyi mlipe kidogo kuliko wao.

Nitaje jambo ambalo Kanda yetu ya Ziwa haina haki ya kulisahau. Ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo, mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alikuja huku akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri. Aliingia kwa waganga, wakamtajia bei. Alivitoa hewani alivyoviona, akatishiwa kuuawa, akalazimika kujificha. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa na kikao chake Kahama, watu watatu walitiwa hatiani na kuhukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Ndiyo ikawa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Sisemi taarifa yake ndiyo iliyowatia hatiani. Kesi ile ilikuwa na ushahidi wake na mashahidi wake. Nasema kwamba kalamu iliufanya umma usiweze tena kusema haujui, na mahakama ikafanya kazi ambayo kalamu haiwezi: kupima kila ushahidi na kusema nani, lini, na kwa nini tunaamini. Kelele bila ushahidi huishia kuchoma nyumba za vikongwe wasio na kosa, na huku kwetu hilo tumeliona. Ushahidi bila mtu wa kuutangaza huishia kabatini.

Na meli zetu. Igoma kuna makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama kikiwa kimekaribia Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Siku ya ajali kila mwandishi yuko ufukweni, kila kamera ipo. Nami siwalaumu; watu wanataka kujua nani kaokolewa. Lakini ajali ina maisha marefu kuliko kilio. Kuna uchunguzi, kuna mashtaka, kuna madai ya fidia, kuna cheti cha kifo cha mtu ambaye mwili wake haukuonekana na mjane ambaye bila cheti hicho hawezi kufungua mirathi. Hiyo ni miaka, na katika miaka hiyo benchi la waandishi liko tupu. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mwananchi anaandika barua kwa taasisi ya umma, anaomba taarifa, na taasisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ni waandishi wangapi wa kanda hii wamewahi kuandika barua ya kuuliza kivuko fulani kilikaguliwa lini? Tunasubiri kizame ndipo tuulize. Mwandishi aliyesoma sheria angeuliza kikiwa bado kinaelea.

Sasa sehemu ngumu, ambayo sitaki mtoke hapa bila kuisikia. Taaluma hizi mbili zinagombana. Mwandishi humlinda aliyempa habari, lakini habari yenyewe huitoa. Wakili hulinda vyote viwili. Siku moja mteja alinieleza jambo ofisini kwangu, mlango umefungwa. Ndani ya dakika kumi nilijua kwamba nimesikia habari ambayo ningekuwa ripota ingefungua kila taarifa ya habari nchini kwa wiki nzima. Sheria ya Ushahidi inalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake, na kiapo changu kinanifunga. Nilifunga ofisi, nikapanda daladala, nikakaa na habari ile mapajani mwangu kama mtu aliyebeba mtungi wa maji njia ya mawe. Ninayo mpaka leo. Nitakufa nayo. Kijana anayejijua kwamba hawezi kukaa na jambo bila kulisema, namsihi, asome sheria kadiri anavyotaka, lakini asiapishwe kuwa wakili. Abaki mwandishi mwenye elimu ya sheria, na hiyo ni heshima kubwa.

Mimi nimejiwekea mipaka. Kesi ambayo mimi au ofisi yangu tumegusa, siizungumzi redioni hata kidogo. Wakili haruhusiwi kujitangaza ili apate wateja, kwa hiyo kipindini sitaji ofisi yangu wala namba yangu. Anayehitaji wakili namwelekeza kwenye msaada wa kisheria. Na mtu akija kunieleza jambo, kabla hajafungua kinywa namwuliza: unazungumza na wakili au na mtangazaji? Anachagua mwenyewe, na mimi naheshimu alichochagua.

Wazazi wananiuliza habari ya ada na miaka. Nisiwafiche. Australia, mwanafunzi anaweza kudahiliwa mara moja kusoma mawasiliano na sheria, akatoka na shahada mbili. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney kina mpango huo, na huchukua miaka mitano au zaidi. Hispania nako vipo vyuo vikuu vinavyofundisha sheria na uandishi wa habari pamoja. Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa na shahada ya mwaka mmoja ya sheria kwa watu wasio wanasheria, waandishi wakiwamo. Linda Greenhouse wa New York Times aliipata mwaka 1978, akaripoti Mahakama ya Juu ya nchi yake kwa karibu miaka 30, na mwaka 1998 akapata tuzo ya Pulitzer. Faida ya kusoma pamoja ni kwamba hurudii masomo ya msingi, na akili inazoea kubadili miwani ingali changa.

Hapa kwetu udahili unakuweka kwenye programu moja. Kwa hiyo mnajenga wenyewe. Njia ninayoipendelea ni kuanza na shahada ya sheria, ambayo kwa kawaida ni miaka minne, na katika miaka hiyo hiyo uandike: redio ya chuo, gazeti la chuo, ripoti za kesi. Ukimaliza, chukua stashahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Angalia pia masharti ya ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi, kwa sababu Sheria ya Huduma za Habari inataka mwandishi awe na ithibati, na kuwa mwanasheria peke yake hakukupi. Njia ya pili ni yangu: uandishi kwanza, kazi, kisha sheria kwa Chuo Kikuu Huria ukiwa kazini. Ni ndefu na inachosha, lakini darasani unakuwa na maswali ambayo wenzako hawana. Hapa Mwanza tuna bahati: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, pale Malimbe, kinafundisha sheria na mawasiliano ya umma katika eneo moja. Aliye kwenye programu moja aende akakae kwenye midahalo ya wenzake wa programu ya pili. Miguu tu inahitajika.

Kuhusu shule ya sheria ya Dar es Salaam, yale mafunzo ya vitendo anayopitia mwenye shahada ya sheria kabla ya kuapishwa kuwa wakili, mnaogopa, na najua kwa nini. Mwaka 2022 zilienea habari kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani walifaulu 26. Wazazi wengi walisikia hapo tu. Lakini matokeo yale yale yalionyesha kwamba 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 ndio walioondolewa. Hali ilikuwa mbaya, ndiyo, mpaka serikali ikaunda kamati ya kuichunguza. Hata hivyo, kusema "26 wamefaulu" na kunyamaza ni kuwaweka watu 342 kwenye fungu lisilo lao. Mnaona? Hata habari ya shule ya sheria ilihitaji mwandishi mwenye subira ya mwanasheria.

Nimezungumza vya kutosha, na jua la Mwanza halina huruma chini ya bati hili. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mahakamani. Mahakama ni ya wazi. Isipokuwa mashauri yanayosikilizwa faragha, mtu yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Orodha ya kesi hubandikwa ubaoni. Someni orodha, chagueni shauri moja, kaeni mpaka liahirishwe au liishe, kisha andikeni ukurasa mmoja mkimweleza mama zenu kilichotokea, bila neno ambalo hawezi kulielewa na bila neno ambalo hamwezi kulithibitisha. Nitausoma kila mmoja. Vaeni kwa heshima, simu zizimwe kabla hamjaingia, daftari na kalamu mje navyo. Na yule binti wa baba tuliyekutana getini, kama uko humu ndani: benchi la nyuma, upande wa dirishani. Nitakuwekea nafasi.

Wabeja sana.